Tupeane uzoefu: vijana wa kujitolea na somo la historia ya kanisa kwa wanaosoma theolojia kwa enezi

Mwakaleli: Wakuu, likizo ya vyuo imekaribia na vijana wa kujitolea watapangiwa vikundi vya wainjilisti wanaosoma theolojia kwa enezi, yaani wakiwa hukohuko kwenye sharika zao. Historia ya kanisa ndiyo inayowakwamisha wengi wa wainjilisti hao. Leteni mbinu, nadharia tunazo.

Kihesa Juu: Miaka ndiyo inayowavuruga. Mtu anakariri 325 (Mtaguso wa Nikea), 1054 (kanisa la Mashariki na la Magharibi kutengana) na 1517 (hoja za Luther) bila kuona umbali uliopo. Chukua kamba ya mita 20, sentimita moja kwa mwaka. Nikea inakaa mita 3 na sentimita 25, Luther na hoja zake mita 15 na sentimita 17. Misheni ya Rungwe, ya 1891, inaangukia mita 18 na sentimita 91. Wakiona historia yote ya ukanda wetu imebanana kwenye mita moja na ushee ya mwisho, maswali yanakuja yenyewe. Tumia katani, nailoni huvutika na alama zinahama. Kadi za matukio zishikwe kwa vibanio vya nguo ili zihamishike. Kama kanisa ni dogo, izungushe ukutani kwa nje.

Bulongwa: Hapo kwenye 1891 pana mtego. Wamoravian na wamisionari wa Berlin, Walutheri walioongozwa na Merensky, waliingia Unyakyusa mwaka huohuo, wote Wajerumani. Wamoravian wakaanzia Rungwe. Wa Berlin wakaendelea mashariki, Ukinga na Ubena: Bulongwa, Tandala, Kidugala, Lupembe. Chora ramani kwanza, la sivyo watajibu kinyume.

Halafu msikimbilie 1963 na kuundwa kwa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Kaeni kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Wamisionari Wajerumani waliondolewa, Waskoti wa misheni ya Livingstonia, Malawi ya leo, wakasaidia kusimamia, lakini sharika nyingi zilibebwa na walimu wenyeji. Vitabu vingi hupapita hapo haraka, na ndipo mwinjilisti anapojiona.

Uyole: Sauti. Rekodi ya WhatsApp haifunguki kwenye kitochi. Igeuze iwe MP3, mono, kilobiti 32 kwa sekunde. Nusu saa inakuwa kama MB 7, unaiweka kwenye memori kadi. Majina ya faili yaanze na 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 10, simu nyingi zitacheza la kumi mara baada ya la kwanza.

Lupembe: Wakipewa zoezi la historia ya usharika, waanze na daftari la ubatizo. Lisitolewe ofisini kwenda kutolewa kopi, mgongo wake utavunjika. Lipigwe picha kando ya dirisha, bila flashi, ukurasa mzima pamoja na vichwa vya safu. Ya zamani yana mwandiko wa Kijerumani ambao «e» inafanana na «n», kwa hiyo jina lisomwe mbele ya wazee wa ukoo kabla halijaandikwa.

Mzee asiulizwe «mwaka gani?» Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya Maji Maji aliyosimuliwa, au kanisa lilikuwa bado la nyasi.

Makambako: Kijana, salamu ya «kamwene» kwanza, daftari baadaye. Mwinjilisti wa miaka 55 hasahihishwi mbele ya washarika wake. Weka alama kwa penseli, mkae pembeni. Na usimwandikie jibu hata akiomba. Asome kwa sauti, aseme kwa maneno yake, ndipo aandike. Mtihani wa mwisho anaufanya peke yake.

Mwakaleli: Kamba ya katani nimeielewa. Vifurushi vya masomo vya Makete masika hii vifungwe kwa mifuko miwili ya nailoni, namba ya simu iandikwe pande zote.