Mashina ya maboga makubwa: kuyafukia, kuyabana kwa vigingi au kuyakinga na upepo?

Mtunza Kitalu:
Ndugu wakulima, nimepanda Atlantic Giant, aina ya maboga makubwa iliyoendelezwa na Howard Dill wa Nova Scotia, Kanada, na sasa shina kuu limeanza kutambaa. Upepo wa hapa ni mkali, nao hupindua ncha changa. Nimesikia habari za kufukia vifundo, kubana shina kwa vigingi na kusimamisha wavu wa kukinga upepo. Kwa kuwa sina nguvu kazi ya kufanya yote kwa ukamilifu, naomba ushauri: ipi itangulie?

Jembe Kuukuu:
Tangulia na kufukia. Kila kifundo, pale jani linapochomoza, hutoa mizizi kikigusa udongo wenye unyevu, kwa hiyo unapokifukia unalishikilia shina na wakati huohuo unaliongezea njia ya kunywa maji. Boga lililoshinda mashindano ya uzito wa maboga ya Half Moon Bay, California, mwaka 2023 lilikuwa na kilo 1,247, na maboga ya namna hiyo yanapokuwa katika kasi yake huweza kuongeza zaidi ya kilo 15 kwa siku. Kigingi hakilishi kitu.

Mama Mbegu:
Naungana na Mzee Jembe, ila karibu na boga lenyewe kufukia ni hatari. Boga linapovimba, mabega yake hulisukuma shina juu. Shina lililoshikwa na mizizi haliwezi kufuata, na hapo ndipo kikonyo kinachounganisha boga na shina huchanika. Kila upande wa boga mimi huacha sentimita 60 hadi 90 bila kufukia, na mizizi iliyokwisha kushika hapo huikata. Vigingi navyo vina kazi yake: hutumika kulipinda shina kidogo kidogo mpaka kikonyo kikae karibu pembe mraba nalo. Kazi hiyo ifanyike alasiri, shina likiwa limelegea kwa joto, kwa maana asubuhi huwa limejaa maji na huvunjika kwa urahisi.

Fundi Shamba:
Udongo wa mfinyanzi ukifukiwa juu ya shina na kumwagiliwa kupita kiasi huozesha, kwa hiyo sifa za kufukia zisitiwe chumvi. Hata hivyo, kwa wenzetu wa Amerika Kaskazini, ambako kuna nondo anayetaga mayai kwenye mashina ya maboga na kiwavi wake akatoboa ndani, mizizi ya vifundoni ndiyo huuokoa mmea shina la mwanzo likishaliwa. Kuhusu upepo, weka wavu wenye matundu, usiweke ukuta mzima, kwa sababu upepo ukigonga ukuta huruka juu yake na kushuka upande wa pili ukizungukazunguka. Majani yakishafunika ardhi hukingana yenyewe, kwa hiyo wavu ni wa majuma ya mwanzo tu.

Mtunza Kitalu:
Nashukuru sana. Basi nitaweka wavu wa muda upande unakotoka upepo, nifukie jinsi shina linavyorefuka, na vigingi niviweke akiba kwa ajili ya sehemu ya boga. Je, udongo uwe na kina gani?

Jembe Kuukuu:
Sentimita 5 hadi 8 zinatosha. Vikonyo vya majani vibaki juu, na ncha inayokua usiiguse.