Flashi ya TB 2 imekula video za harusi ya dada, ni virusi au?

MamaSteshenari
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wa haraka kabla dada yangu hajajua maana nitahama mji. Iko hivi, laptopu yangu ilijaa mpaka ule mstari wa nafasi ukawa mwekundu, nikanunua flashi kwa kijana mmoja anayepitisha vitu kwenye foleni, imeandikwa TB 2, alianza na elfu 30 tukavutana mpaka 15. Nikachomeka ikasoma kweli terabaiti mbili, nikajiona mjanja. Nikahamishia vitu vyote vya harusi ya dada, kama GB 60 hivi, na niseme tu ukweli sikukopi, nilikata nikapesti ili laptopu ipumue. Asubuhi mafoda yote yapo, majina yapo, hata ukubwa wa kila faili unaonyesha.

Sasa jana dada kaja na mawifi zake nikachomeka kwenye TV. Kichen pati inafunguka, sendofu inafunguka mpaka watu wanacheza sebuleni, kufika harusi yenyewe TV inasema faili haisomeki!! Kwenye laptopu ni vilevile. Kuna picha moja mama mkwe analishwa keki, kuanzia kilemba mpaka puani iko safi, kuanzia mdomo kushuka ni kijivu tupu. Baada ya hiyo hakuna picha hata moja inayofunguka. Nimewaambia TV mbovu. Niweke antivirusi gani?

kidole_juu
Virusi hao dada, fomati hiyo flashi halafu weka vitu upya

FundiMnyamavu
Wewe kidole_juu aweke upya vitu gani wakati amesema alikata? Dada USIFOMATI na usiandike kitu chochote kwenye hiyo flashi. Pia nyamaza na laptopu, nitakueleza kwa nini.

Hao sio virusi, umepigwa. Ndani ya flashi kuna vitu viwili, chipu ya kutunza na chipu ndogo inayoongea na kompyuta. Hao jamaa wanachukua flashi ya GB 16 au 32 wanaifundisha hiyo chipu ndogo kudanganya, ukiuliza una ukubwa gani inajibu TB 2, na kompyuta inaamini kwa sababu haina njia ya kwenda kuhesabu. Unakopi, nafasi ya kweli ikiisha flashi haisemi imejaa, inaendelea kupokea na kumwaga chini, mpaka mstari wa kijani unafika mwisho. Majina unayaona kwa sababu orodha ya mafaili inakaa mwanzoni kabisa, sehemu ambayo ipo kweli. Nyingine mbaya zaidi, zikijaa zinarudi kuandika juu ya vya mwanzo, kwa hiyo wewe una bahati kidogo kichen pati imepona.

Hiyo picha ya keki ndio mpaka wenyewe. Jumlisha ukubwa wa kila kitu kilichoingia kabla yake, utapata flashi yako ni ya GB ngapi.

MamaSteshenari
Nimekaa nimejumlisha na kikokotoo cha simu. GB 14 na nusu. Yaani nimenunua GB 16 kwa bei ya GB 64 😭

Otis_wa_tao
Pole sana sister, hata huku Nairobi ziko kibao, mimi nilichomwa na memori kadi ya simu, picha za mtoi zote zikaenda. Mtu akikuuzia 2TB kwa hiyo bei jiulize kwanza. Kingston walitoa flashi ya 2TB mwaka 2017, dude la chuma nene karibu sentimita mbili, bei yake hata siwezi taja hapa. Hiyo ya kwenye foleni ilikua kaplastiki kepesi ama?

MamaSteshenari
Kepesi kama kifuniko cha kalamu. Ina taa ya bluu lakini, inapendeza.

kidole_juu
Taa nayo walihesabia terabaiti moja 😂😂 samahani dada

FundiMnyamavu
Tuache utani. Vya baada ya hiyo picha havipo kwenye flashi kabisa, usilipe mtu kukurudishia kutoka humo, havikuwahi kuandikwa. Matumaini ni kule vilikotoka. Laptopu yako hadidiski ni ile ya kuzunguka au SSD, yaani ya chipu tupu? Kama ni SSD ina kitu kinaitwa TRIM, ukishafuta kompyuta inaiambia diski nafasi hii haina kazi tena, na diski inasafisha yenyewe, hapo karibu usahau. Kama ni ya kuzunguka, kilichofutwa kinabaki mpaka kiandikwe kitu juu yake. Ndio maana nimesema nyamaza nayo, usiangalie video, usidaundilodi, hata sasisho za Windows zinaandika.

MamaSteshenari
Ni ya zamani, ukiiwasha inakoroma, hadidiski GB 500. Tangu nihamishe nimeprintia wateja tu, barua na CV.

FundiMnyamavu
Inayokoroma ndio tunaitaka. Izime. Kesho azima eksteno ya mtu, yaani hadidiski ya kuchomeka nje (ya kweli!), na kompyuta nyingine, toa hadidiski yako ichomekwe kule, halafu tumia PhotoRec, programu ya kurudisha vilivyofutwa, ya bure kabisa. Ina skrini nyeusi ya maandishi, usiogope. Vinavyorudi vihifadhi kwenye eksteno, USIRUDISHE kwenye diski ileile maana utakuwa unafukia kaburi unalolichimba. Majina yatapotea, itakupa f na tarakimu ndefu. Picha zitarudi nyingi, video kubwa sina uhakika, zikiwa zimekaa vipande vipande zinarudi zimevunjika.

Binti_Ngamiani
Na cameraman je? Wengine wanakaa na kazi muda mrefu kabla ya kufuta, mpigie saa hii kabla hajapata harusi nyingine Jumamosi.

MamaSteshenari
Wakuu nimerudi, siku nne baadaye. Kijana wa duka la jirani alinitolea hadidiski, PhotoRec ikakesha. Imerudisha mapicha elfu na ushee, nusu ni takataka za intaneti, nembo, matangazo ya viatu, CV za watu, unapekua unapekua unamkuta bibi harusi katikati ya matangazo ya viatu. Lakini zipo! Video tatu kubwa, moja imefunguka, mbili zinagoma. Cameraman anasema anayo ya kanisani, ya ukumbini alishafuta, na anataka elfu 50 ya kuitafuta. Nimempa 20.

Na mama mkwe mdomo umerudi, una krimu mpaka kidevuni.

Swali jingine, hii flashi niitupe?

FundiMnyamavu
Toa kwanza kichen pati na sendofu uziweke kwenye eksteno. Halafu pakua H2testw, kale kaprogramu ka Kijerumani ka kupima flashi. Usipime TB 2 yote, kwa flashi ya aina hiyo inayoandika MB 10 kwa sekunde utakaa zaidi ya siku mbili. Mwambie aandike MB 20,000 tu, ataandika kisha asome alichoandika, atakwambia zilizo nzima ni GB ngapi. Ukitaka haraka ipo ValiDrive, inagusa sehemu 576 za flashi na kukuchorea zipi zipo na zipi ni hewa. Ukishajua, tengeneza patishoni, yaani kipande cha kutumia, ya GB 14 pale mwanzoni, sehemu nyingine usiiguse. Ila weka nyimbo tu, chipu zenyewe wanaokoteza.

MamaSteshenari
ValiDrive imeisha sasa hivi. Kijani kamstari kamoja juu kabisa, kwingine kote nyekundu. Dada amepita nyuma yangu akauliza ramani ya nini hiyo.

kidole_juu
ukamjibuje 😂

MamaSteshenari
Nimesema mvua.