Wajukuu wa Bibi Tatu, Ujiji

JUMATANO

Da Zuhura, 06:48
Assalam alaykum wote. Hamisi kaniandikia usiku toka Bergen, Norwe. Jumamosi anapanda mlimani na wenzake wanne, wanateleza kwenye theluji huku wanavutwa na tiara. Nimemwambia alete habari hapa mwenyewe, siri sitaki kubebeshwa tena. Hamisi, njoo.

Da Zuhura, 07:31
Naona mmesoma watu kumi na mmoja. Semeni basi.

Ramadhani, 07:52
Tiara imvute mtu mzima? Zetu za mifuko na njiti za makuti zilikuwa hazivuti hata kandambili 😂😂

Mwajuma, 07:55
Ya kwako ipo juu ya ule mwembe mpaka leo

Ramadhani, 07:56
Nilisukumwa!!

Da Zuhura, 07:57
Jamani.

Hamisi, 09:20
Shikamooni wakubwa zangu. Samahanini, huku ndiyo kwanza saa moja na dakika ishirini, bado giza.
Ni kweli tunakwenda. Tunapanda treni ya Bergen mpaka Haugastøl, ukingoni mwa nyanda za Hardangervidda. Safari ya kama saa tatu. Pako karibu mita 1,000 juu ya bahari, hata Kasulu kwetu iko juu zaidi, ila huku Novemba theluji imeshaanguka.

Hamisi, 09:24
Tiara yenyewe ni kitambaa chenye vyumba, upepo unaingia kwa mbele kinajaa chenyewe, hakuna pampu. Kamba ndefu kama mita 20, umeifunga kiunoni, miguuni una skii, vile vibao virefu vya kutelezea. Yangu ni ya mita za mraba 8. Majini ningehitaji kubwa zaidi, theluji inateleza kwa hiyo ndogo inatosha kukukimbiza.

Shemeji Athumani, 09:40
Mimi theluji hata ya Kilimanjaro sijaiona. Piga picha shem 🙏

Da Zuhura, 09:44
Picha baadaye. Hamisi, waambie na lile la mawe ulilonificha nikalisoma mwenyewe.

Hamisi, 09:51
Sikuficha da. Theluji ya kwanza ni nyembamba, mawe na vichaka viko palepale chini yake. Ndiyo maana tunavaa skii za zamani na helmeti. Maziwa nayo hayajaganda vya kutosha, hatuyagusi hata yakionekana meupe. Tunabaki tambarare, maana mteremko unaozidi nyuzi 30 ndio unaoporomosha theluji. Na upepo ukizidi mita 12 kwa sekunde tumekubaliana hatufungui tiara, tunakunywa chai.

Da Zuhura, 09:58
Hizo nyanda, Roald Amundsen alijaribu kuzivuka na kaka yake mwaka 1896 wakaponea chupuchupu kufa kwa baridi. Huyohuyo ndiye aliyekuja kufika Ncha ya Kusi kabla ya binadamu yeyote, mwaka 1911. Sasa mtoto aliyezaliwa Ujiji, kwenye joto la mwembe?

Hamisi, 10:03
Da, Wanorwe wana kanuni 9 za mlimani, kila mtoto wa shule anazijua. Ya 8 inasema geuka mapema, kurudi si aibu. Ya 1 inasema panga safari yako, uwaambie watu unakokwenda. Ndiyo hii ninayoitimiza sasa hivi.

Da Zuhura, 10:05
Ahsante kwa hilo. Nalipokea kwa moyo.
Sasa mpango. Mama aambiwe kabla. Jumamosi tukakae naye Mwanga tangu asubuhi, tupike, asiwe peke yake, mpaka Hamisi apige. Huko jua linazama kama saa kumi, kwetu inakuwa saa kumi na mbili. Kwa hiyo kabla ya Maghribi simu iwe imelia. Kila mtu elfu kumi, mchele na migebuka. Nani anakuja?

Da Zuhura, 13:15
Nani anakuja?

Mwajuma, 14:02
Mimi

Shemeji Athumani, 14:30
Samahanini nje ya mada, kuna mwenye namba ya fundi wa mashine ya kukamulia mawese?

Ramadhani, 14:31
Muulize Hamisi aikamue kwa tiara 😂

Da Zuhura, 14:33
Shabani. Umesoma tangu alfajiri.

Shabani, 16:47
Nikisema neno mtanitajia mtumbwi.

Da Zuhura, 16:49
Sijataja mtumbwi.

Shabani, 16:58
Miaka minane hamjautaja. Kila mkinitazama nauona. Asubuhi ile ziwa lilikuwa shwari kama sinia, Seif mwenyewe aliomba, injini ilikuwa nzima. Kusi lilishuka saa nane mchana. Ningelizuia na nini?

[Ujumbe huu umefutwa]

Mwajuma, 17:20
Kaka Shabani, upepo hakuna aliyekuwekea wewe. Kilichomvunja mama moyo ni kusikia sokoni Kibirizi, kwa wauza dagaa, ndoo ingali kichwani. Na sisi wote tulikuwa tunajua tangu saa tisa. Mimi nilijua. Nikajifungia chumbani.

Da Zuhura, 17:22
Mimi nilikuwa Tabora. Hakuna aliyenipigia hata mmoja. Nilishuka kwenye treni nakuta matanga. Ndiyo maana nawasumbua, na nitaendelea kuwasumbua.

ALHAMISI

Da Zuhura, 07:10
Waliotuma: Mwajuma, shemeji Athumani. Wengine?

Ramadhani, 08:30
Mwisho wa mwezi da

Da Zuhura, 08:31
Jumamosi si mwisho wa mwezi.

Neema, 19:05
Shikamooni. Ni Neema, namwandikia Ba'mkubwa, macho yamemsumbua. Nimemsomea yote. Anasema hivi, naandika kama anavyotamka:
"Hamisi. Nimeendesha majahazi miaka arobaini katika ziwa hili. Tanga halikuvunji. Linakuvunja ukiwa umekaza demani, kamba ya tanga, na hujui kuilegeza. Hiyo ya kwako inalegezwa vipi, na kwa mkono gani?"

Hamisi, 19:18
Shikamoo Ba'mkubwa. Kifuani pana kishikio chekundu. Nikikisukuma mbele, kamba zinaachia, tiara inakufa nguvu na kubaki imeshikwa na kamba moja tu isipotee. Mkono wowote.

Neema, 19:26
"Umewahi kukisukuma mwenyewe huku unaburutwa?"

Hamisi, 19:41
Mara tatu, Ba'mkubwa. Majini, wakati wa joto. Kwenye theluji bado. Na glavu nene bado.

Neema, 19:55
"Basi kumbe hujui bado. Jumamosi usiende popote. Simama palepale penye treni, vaa hizo glavu, achia, funga, achia, funga, mpaka mkono ufanye bila kukiuliza kichwa. Wenzako wakikucheka waache watangulie. Seif mkono wake ulikuwa bado unauliza. Nilikuwa pwani, niliona. Shabani hakuwa na kosa, na nilipaswa kuyasema haya siku ileile ya matanga. Sikuyasema, nikakuacha mwanangu ubebe. Nisamehe."

Neema, 19:56
Amenyamaza sasa. Anasema na mama yenu atamwambia yeye, Zuhura usimpigie.

(Saa mbili zinapita.)

Hamisi, 22:04
Nimesikia, Ba'mkubwa. Nitafanya hivyo.

IJUMAA

Da Zuhura, 06:30
Ba'mkubwa shikamoo, neno lako nimelipokea. Ila mama nilishamdokeza jana saa kumi, kabla hujasema. Nilimwambia Hamisi anakwenda milimani na wenzake. Tiara sikuitaja. Sasa sijui amalizie nani.

Mwajuma, 06:41
Alisemaje?

Da Zuhura, 06:42
Aliuliza kama kuna maji. Nikasema maji yake yameganda.

Mwajuma, 06:43
Da, Hamisi kasema hayajaganda

Da Zuhura, 06:50
Najua. Nimelala nalo hilo.

Neema, 09:12
Ba'mkubwa ameondoka na bodaboda kwenda Mwanga. Kakataa nimsindikize.

Ramadhani, 11:30
Nimetuma elfu tano, da. Nyingine inafuata, wallahi.

Hamisi, 19:47
Tumo ndani ya treni. Bergen mvua tu, wanasema juu ni theluji kavu, upepo mita 7. Mama kanipigia mwenyewe. Hakuuliza tiara. Kaniambia nivae soksi mbili na nikifika nimpigie, si kesho, usiku huuhuu. Sijajua kama Ba'mkubwa alimwambia au la. Kuna aliyeko kule?

Mwajuma, 19:50
Simu ya Ba'mkubwa haipatikani

Da Zuhura, 20:15
Kesho, saa tatu asubuhi, kwa mama. Mimi, Mwajuma, shemeji anakuja baada ya Adhuhuri. Shabani?

Da Zuhura, 21:30
Shabani mdogo wangu?

Shabani, 22:41
Migebuka msinunue, nitaleta mimi alfajiri toka Katonga. Kuingia ndani sijui.

Da Zuhura, 22:42
Leta mpaka mlangoni. Mkaa nani anao?