Mgombea binafsi: kwa nini tusianze na udiwani?

Wakuu, salaam.

Anayetaka udiwani Dar, iwe kwenye Jiji (Ilala ya zamani, iliyopandishwa hadhi 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, sheria inamtaka awe raia, awe ametimiza miaka 21, na ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Hapo hatuna ugomvi. Sharti linalonikera ni la kuwa mwanachama wa chama cha siasa na kudhaminiwa nacho.

Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, aliihangaikia hoja ya mgombea binafsi, yaani asiye na chama, miaka na miaka. Mahakama Kuu ilimpa haki 1994, Bunge likabadilisha Katiba kuziba mlango. Akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikisema hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, pale Arusha, ikasema haki imevunjwa. Amefariki 2015 mlango ukiwa umefungwa vilevile.

Sasa kuna jambo wengi wanalipita. Sharti la chama kwa rais na mbunge limo ndani ya Katiba, ibara ya 39 na 67. La diwani limo kwenye sheria ya uchaguzi tu. Kwa hiyo anayetuambia tusubiri Katiba mpya, kwenye udiwani hana hoja.

Nendeni Tandale au Manzese masika yanapoanza. Mtaro umejaa chupa na pampasi, maji meusi yanapanda kizingitini, kina mama wanapanga viroba vya mchanga mlangoni. Kila mtaa wa hivyo una mtu wake: ndiye anayepita nyumba kwa nyumba kuchangisha hela ya vijana wa kuzibua, ndiye mwenye namba ya mtendaji wa kata, na saa sita usiku ndiye anayegongewa. Huyo hagombei mpaka apite kwa wajumbe, wale wa chama wanaopiga kura za maoni. Na msemo wa 2020 mnaukumbuka: wajumbe si watu wazuri.

Naomba kuwasilisha.

Mdau wa Mbagala akajibu:

Mtoa mada, umeandika vizuri lakini umeishia mtaroni. Twende barazani. Meya anachaguliwa na madiwani wenyewe. Mwaka 2016 uchaguzi wa meya wa Jiji la Dar la wakati ule uliahirishwa tena na tena, mpaka Machi alipopatikana Isaya Mwita wa Chadema. Kila kura ilikuwa inapiganiwa. Weka pale madiwani binafsi watatu wasio na wa kuwakemea, halafu uniambie wataamkia kwa nani asubuhi ya uchaguzi.

Halafu huyo mzibua mitaro wako hatagombea. Atakayejitokeza ni dalali wa viwanja mwenye fedha za kukodi Noah za wapiga kura. Takrima, ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ilibatilishwa na Mahakama Kuu 2006, lakini sote tunaishi humu humu, tusidanganyane. Diwani wa chama akiharibu, najua nani wa kumwadhibu uchaguzi ujao. Wa binafsi akiharibu anarudi zake kwenye viwanja.

Mkazi wa Kigamboni akaongeza:

Mnagombania kiti chenyewe kimeshapunguzwa miguu. Barabara ziko TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu 2017; maji ni DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar. Diwani kabaki na zahanati, shule, masoko, taka na kulaumiwa. Mimi nisingeacha biashara yangu kwa ajili hiyo, awe wa chama au wa binafsi.

Mtoa mada akajibu:

Ndugu wa Mbagala, la meya umenibana kweli, na sina jibu zuri. Baraza lisilo na upande wenye kura za kutosha linaweza kukaa miezi bila kumpata. Ila la pesa silikubali. Dalali wako hata leo anapita, tofauti ni kwamba sasa anaanza na wajumbe wachache badala ya kata nzima. Kununua wachache ni rahisi kuliko kununua kata.

Masharti yanaweza kuwekwa makali: saini za wapiga kura kutoka kila mtaa wa kata, na ukazi wa kata yenyewe, maana tunao wanaogombea Buguruni huku wanalala Mbezi. Akishinda kisha akajiunga na chama, kiti kiwe wazi.

Wa Kigamboni, hapo umeruka kitu kikubwa. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani inayotolewa mikopo kwa vikundi, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, inapitia halmashauri, na mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata ni diwani. Mama ntilie anayeandika katiba ya kikundi chake cha mkopo anapiga hesabu mbili: riba haipo, hiyo nzuri, halafu anajiuliza kama avae kitenge cha rangi ya chama siku ya kupeleka fomu. Kama kiti hakina maana, hiyo hesabu ya pili inatoka wapi?