Tupeane uzoefu: umekosolewa Kiingereza, kumbe mkosoaji ndiye kachelewa

Wakuu, mimi nahariri ripoti za miradi. Vita yetu ofisini ni "they" kwa mtu mmoja. Bosi akiiona tu, peni nyekundu, anaandika "he/she" juu yake. Nikamfungulia kamusi ya Merriam-Webster, waliolifanya neno la mwaka 2019. Jibu: "Hicho Kiingereza cha Wamarekani." Haya, nikaleta kamusi ya Oxford, ambao wamelikuta likitumika hivyo kwenye shairi la mwaka 1375. Akasema tutaongea baadaye. Hiyo baadaye naisubiri hadi leo. Mwageni na yenu.

Mdau wa Arusha: Natembeza watalii. Mama mmoja kajigonga kichwa mlangoni mwa gari, nikamwambia "sorry". Akanitolea macho: kwani wewe ndiye umenigonga? Nikamweleza kwetu hiyo ni pole, anapewa hata aliyeungua na chai yake mwenyewe. Hatujafika Ngorongoro, tayari anampa dereva "sorry" ya pancha.

Mdau wa Kampala: Hiyo ndogo. Rafiki yangu Mwingereza alipotea miezi, siku nimekutana naye barabarani nikamwambia kwa furaha, "You are lost!" Akatoa simu, akafungua ramani.

Mwalimu wa sekondari: Chekeni tu, ila msahihishaji wa mtihani hana muda wa historia ya neno. Darasani nakomaa na "fewer" kwa vinavyohesabika na "less" kwa visivyohesabika, ingawa najua ilikotoka: mwandishi Mwingereza Robert Baker, mwaka 1770, aliandika kwamba yeye anaona "fewer" inapendeza zaidi. Basi. Alichopenda mtu mmoja, leo mtoto anakatwa maksi. Wanafunzi wangu nawaambia waandike anachotaka msahihishaji, wakishapata cheti wajiachie.

Mdau wa Mwanza: Wanaong'ang'ania kwamba maana ya zamani ndiyo sahihi, waambieni "nice" ilianza ikimaanisha mjinga. Huyo bosi wa hapo juu akiitwa "a nice man" amfukuze mtu kazi, tujue kweli ana msimamo.

Mdau wa Nairobi: Mnajitetea nini? Tangu 2022 Oxford ina "nyama choma" na "sambaza", kwa hiyo ni zamu yetu kukosoa. Kuna hoteli ya wageni niliagiza nyama choma, imeandikwa vizuri kabisa kwenye menyu. Nikaletewa kuku wa kukaanga na mchuzi mtamu. Nikamwita meneja.