Nina milioni 3 na nusu, nataka kuanza kudarizi. Nianze na mashine gani?

dada_wa_kihonda

Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu. Mimi ni fundi cherehani niko Morogoro, mwaka wa sita sasa nashonea nyumbani, magauni ya kina mama na sare za shule. Kinachonitesa ni nembo. Kila Januari mzazi anakuja na sweta tatu, sketi nimemshonea, mashati nimemshonea, kafurahi, halafu ikifika kwenye nembo namwambia hiyo peleka mjini. Akifika kule anamkuta anayedarizi naye katundika sketi na mashati ya kuuza pale pale, basi mwaka unaofuata simuoni tena. Nimepoteza wateja wazuri hivyo hivyo huku nawaangalia.

Sasa kikoba tumevunja mwezi uliopita, nikijumlisha na akiba yangu nina milioni 3 na nusu. Nimeulizia mashine ndogo ya kompyuta yenye sindano moja, nimeambiwa 2,800,000, ringi yake kubwa (ile fremu ya kubania kitambaa) ni sentimita 13 kwa 18. Zile kubwa za kichwa kimoja sindano 12 wameniambia kuanzia milioni 9, huko sifiki. Baba watoto anasema nitulize hela kwanza, mimi naona Januari hii hapa inakuja na leo tuko mwezi wa saba. Hiyo ndogo itanifaa kwa sare? Na hizo nembo zinaingiaje kwenye mashine, unapiga picha tu au kuna mtu anatengeneza? Naombeni mnieleweshe kama mnamwelewesha mdogo wenu.

kichwa_kimoja

Dada hongera kwa hiyo akiba, sio mchezo. Mimi nipo Dar, mwaka wa nane nadarizi, nina mashine ya kichwa kimoja sindano 15. Naomba usinunue mashine mwezi huu, na nakuambia kwa nia njema kabisa.

Piga hesabu na mimi. Nembo ya shule ya kifuani, upana kama sentimita 8, tuseme ina mishono 6,000. Ukiiendesha mashine mishono 600 kwa dakika hapo ni dakika 10 za kushona peke yake. Ya sindano moja ikimaliza rangi nyekundu inasimama inakusubiri uje uchomoe uzi uweke wa njano, nembo ya rangi nne unainuka mara tatu. Bado kuvalisha ringi, bado kukata nyuzi. Weka dakika 15 kwa kila sweta, sweta 60 ni masaa 15, hapo umeme haujakatika na sindano haijavunjika. Sasa wiki hiyo hiyo ya kufungua shule cherehani yako ya kushonea sketi utaikalia saa ngapi?

Sisemi mashine ndogo ni mbaya. Majina kwenye taulo, mablanketi ya watoto wachanga, leso, mito, herufi za maharusi kwenye mashuka, hizo kazi inazimudu vizuri sana. Ila kwa sare za shule itakuchosha na wewe umesema shida yako ni sare.

Ningekuwa wewe ningeanza hivi. Tafuta mwenye mashine hapo hapo Moro ambaye anadarizi TU, hauzi sare, huyo ndio muhimu. Mwambie wewe ni fundi na utamletea mzigo kwa pamoja. Fundi akija kwangu na sweta kuanzia 20 simlipishi kama mteja wa mlangoni, nembo ya 2,500 namfanyia 1,500. Mzazi anakulipa wewe 2,500, buku linabaki kwako, na kubwa zaidi ni kwamba mzazi hajatoka kwako kwenda kukutana na mwenye sketi zake. Tatizo ulilolileta hapa linakuwa limeisha na hujagusa hata laki ya hela yako.

Kuhusu faili, picha ya simu sio faili la kudarizia. Kuna mtu anakaa na programu anachora mshono kwa mshono, anaamua uzi uende upande gani, wapi ujazwe, wapi upite satini (ule mshono mpana unaong'aa), wapi mashine ikate. Faili likitengenezwa vibaya hata mashine ya milioni 30 itatoa uchafu. Lipia mara moja kwa kila shule na udai faili lenyewe mkononi, mashine nyingi kubwa zinasoma DST, za nyumbani za Brother zinasoma PES, chukua yote mawili weka kwenye flashi na jitumie kwa email. Wapo mafundi wanakutengenezea halafu faili wanabaki nalo wao, ukitaka kuhama umefungwa. Na DST haibebi rangi, inabeba mishono na sehemu za kusimama tu, kwa hiyo daftari lako liandike shule fulani, kwanza bluu namba fulani, pili njano namba fulani. Bila hivyo mwakani utatoa nembo ile ile yenye njano nyingine na mwalimu mkuu ataiona tu.

mama_zigizaga

Mimi na kichwa_kimoja hapo tunapishana kidogo. Ukisubiri wateja wajae ndio ununue mashine, kujifunza utajifunza lini? Mimi ilinichukua miezi minne mpaka nikaacha kukata uzi kila baada ya dakika mbili. Mdogo wangu kama hela ipo na haina kazi nyingine, nunua hiyo ndogo mwezi wa tisa, usinunue Desemba. Mwezi wa tisa unakosea kwa vitambaa vyako mwenyewe, Desemba utakosea kwenye sweta za watu.

Halafu mbona hakuna aliyemwambia kuhusu cherehani aliyonayo? Kabla ya hizi za kompyuta tulikuwa tunadarizi kwa cherehani ya kawaida, unatoa mguu wa cherehani unaokandamiza kitambaa, unashusha meno yanayokisukuma (yasiposhuka unayafungua), kitambaa unakibana kwenye ringi ya mbao, unakiongoza kwa mikono yote miwili huku unakanyaga pole pole. Kwenye zigizaga ndio raha zaidi maana unapata ule mshono mpana unaong'aa. Nembo ya shule hapana, hazitafanana hata mbili. Ila shingo ya gauni, mikono ya kanzu, maua kwenye mashuka na mapazia, mimi mpaka leo nafanya na wateja wananifuata kwa sababu ua la kwanza na la pili havifanani. Anza na hiyo jioni, mkono uzoee kuona uzi unavyovuta kitambaa. Ukishajua kwa mkono, mashine ikikosea utajua imekosea wapi.

sweta_na_nembo

Salamu kutoka Nakuru Kenya. Dada hapo juu umeshauriwa vizuri, mimi naongezea kitu kimoja ambacho kilinigharimu na sitaki kikupate.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata oda ya sweta 45 za shule moja ya msingi. Siku ya mwisho karatasi ya kuweka chini ya nguo ikaniishia, duka la mjini limefungwa, kesho asubuhi ndio wanachukua. Nikatazama pale kwenye meza nikaona gamu stifu ya kuwekea kola za shati nikasema hii nayo ni ngumu itasaidia. Nikadarizi sweta 19 zilizobaki kwa gamu stifu. Zilitoka safi, zimelala vizuri mezani, mimi mwenyewe nilizipenda, zikaenda. Wiki mbili baadaye naitwa shuleni. Sweta zimefuliwa mara moja, ile nembo ya duara imekuwa kama yai, pembeni sufi imejikusanya imefanya mikunjo kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa kamba. Ukisimama mbali unajua kabisa hawa ni wale 26 na hawa ni wale 19. Nilinunua sweta mpya 19 kwa pesa yangu na nikadarizi upya, faida yote ikaenda na nyingine juu.

Sweta inavutika, mshono hauvutiki. Ndio maana chini lazima iwekwe ile karatasi ya nguo ambayo HAICHANIKI kwa mkono, unaipunguza kwa mkasi ukimaliza na nyingine inabaki pale maisha yote ya hiyo sweta. Ile ya kuchana kwa mkono ni ya vitambaa vigumu kama khaki na jinzi. Na juu ya sweta weka ile plastiki nyembamba inayoyeyuka kwa maji, bila hiyo uzi unazama kwenye sufi na herufi zinapotea. Halafu usiivute sweta ikaze kwenye ringi kama ngoma, iache ilale yenyewe, ukiivuta ukaidarizi ikitoka kwenye ringi inarudi mahali pake na mikunjo unaiona hapo hapo, hata haitasubiri kufuliwa.

Nyuzi chukua poliesta. Reyoni inang'aa kuliko hiyo lakini sare zinafuliwa kwa jiki na zinaanikwa juani kila wikendi, reyoni haitavumilia. Sindano badilisha kila baada ya kama masaa 8 ya kushona, usingoje ivunjike. Na ukinunua mashine usiichomeke moja kwa moja kwa stima, weka stabilaiza na UPS (betri ya kushikilia stima ikikatika), stima ikipotea katikati ya nembo mashine zingine zinasahau zilipofika.

ukhty_wa_ngambo

Assalaam alaykum. Mie nipo Unguja na wala sina mashine, nashona kofia za mkono, kazi nimeipokea kwa mama yangu. Nataka nimwambie shoga yangu wa Morogoro jambo moja la bei.

Kofia ya mkono ina kile kiduara cha juu na ule mkanda wa pembeni, umeshachorwa, kila kitobo unakitoboa na kila kitobo unakizungushia uzi, kimoja kimoja. Ukiwa na watoto na jiko la kuangalia kofia nzuri yakuchukua miezi. Ziko za mashine zaletwa kwa makontena, kwa mbali zafanana. Mteja anakuja ananitajia bei ya ile ya mashine. Zamani nilikuwa naona haya nashusha. Sasa namgeuzia kofia ndani nje namwonyesha upande wa nyuma, ulivyo safi hauna mafundo, namwachia aishike mwenyewe. Anaejua atalipa, asiejua aende salama.

Kwa hiyo ukidarizi mashuka kwa mkono kama alivyosema mama hapo juu, andika siku ulizokaa. Usiuze kazi ya mkono kwa bei ya mashine hata kama ni mwanzo na unatafuta wateja, bei ulioanza nayo ndio watakayoisimulia kwa jirani zao.

dada_wa_kihonda

Jamani asanteni, nimesoma mara tatu na nimeandika kwenye daftari. @sweta_na_nembo pole sana kwa zile 19, mimi ningeweka gamu stifu hiyo hiyo, ndio ninayo hapa ndani.

Nimefanya alivyosema kichwa_kimoja. Jana nimezunguka mjini nimepata kijana anadarizi tu, hauzi nguo, kwa fundi amekubali 1,700 kuanzia sweta 15. Leo nimeongea na mwalimu wa shule moja ya hapa jirani, hana shida ila anataka aone sampuli. Nitajuaje kazi ya huyu kijana ni nzuri kabla sijampelekea mzigo wa watu? Na nikipata oda nidai advansi kiasi gani, maana wazazi wengine ni majirani zangu naona aibu.

kichwa_kimoja

1,700 sio mbaya kwa kuanzia, ukifika sweta 50 rudi mkaongee tena.

Kumpima ni rahisi, mpe sweta moja ya kwako sio ya mteja. Ikirudi igeuze uangalie nyuma. Kwenye herufi za satini, uzi mweupe wa bobini (ule wa chini) unatakiwa uonekane katikati tu, kama theluthi moja, na rangi ya juu ionekane pande zote mbili. Ukiona nyuma nyeupe tupu uzi wa juu umekaza sana, na kama nyuma huuoni kabisa weupe basi wa juu umelegea. Mbele angalia herufi ndogo, zile za kaulimbiu ya shule chini ya ngao. Zikiwa chini ya milimita 5 kwenda juu huwa zinajaa zinakuwa vidonge, fundi mzuri atakuambia mapema kwamba hizi tuzikuze au tuzitoe. Asiyekuambia kitu, jiulize. Halafu ifue mara tatu, uianike juani, uipige pasi, ndio umpelekee mwalimu. Mwalimu akiikubali aiandike nyuma kwa kalamu kwamba imekubaliwa, na akupe barua fupi ya shule kwamba wamekuruhusu kutumia nembo yao. Hiyo sampuli usiiuze kamwe, itundike hapo unaposhonea.

Advansi nusu kwa kila mtu, jirani na ndugu. Uzi na nembo vinalipiwa kabla sweta haijatoka, ile sio hela yako ni ya kijana wa mashine.

Na nembo za Simba na Yanga watakuletea sana, kataa, zile ni mali ya klabu. Nembo ya taifa ndio usiiguse kabisa bila kibali.

mama_zigizaga

Aongezee TIN (namba ya mlipakodi), ni bure wala asimlipe mtu wa kumtafutia. Shule nyingine zikitaka kukulipa zenyewe zitaiulizia. Na hapo Moro SIDO (shirika la serikali la viwanda vidogo) wapo, kaulize mafunzo na mikopo. Halmashauri nayo ina ile mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ya mapato yao ya ndani wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ila sisi kina mama inabidi tuwe kikundi, kwa hiyo ongea na wenzako wa kikoba kabla hamjatawanyika, huenda ile ya sindano 12 mkaipata wote.

dada_wa_kihonda

Mama umenigusa, kwenye kikoba tuko mafundi watatu. Jumapili tunakutana kwangu, naenda na sweta ya sampuli na hii hesabu ya masaa 15. Nikipata majibu ya mwalimu narudi hapa kuwaambia.