Tahasusi 65 kwenye karatasi, mwalimu wa Fizikia hakuna. Watoto wetu wanachagua nini?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo lugha ikiwa kali mnivumilie, ila someni mpaka mwisho kabla hamjaanza kunirushia mawe.

Mwaka 2024 hapa Tanzania tulitangaziwa kwa mbwembwe kwamba tahasusi, yaani kombi za masomo, za kidato cha tano na sita sasa ni 65. Zilikuwa 16, zikaongezwa 49 kwa mpigo. Vijana waliokuwa wameshajaza machaguo yao wakafunguliwa mfumo warudi kubadilisha. Kikaja Kichina, ukaja muziki, ikaja michezo, yakaja masomo ya dini, kila mtu akapata cha kushangilia. Sawa. Sasa naomba mwalimu yeyote, afisa elimu yeyote, mjumbe wa bodi ya shule yeyote aliyemo humu anijibu: shule inapoandikwa kwamba ina PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), maana yake ni kwamba PCB inafundishwa pale, au ni kwamba kuna darasa limeandikwa PCB mlangoni?

Binti wa dada yangu kapangiwa PCB, shule ya serikali ya bweni, ya wasichana. Jina la shule siweki hapa kwa sababu mtoto bado yuko mikononi mwao. Huyu binti katoka shule ya kata. Fizikia ya kidato cha tatu na cha nne kafundishwa na kijana wa kujitolea aliyekuwa analipwa kwa michango ya sisi wazazi, mwezi mwingine anapata, mwezi mwingine anakopwa. Akapata B. B ya Fizikia kutoka shule ya kata, wenye kuelewa mnaelewa.

Tukanunua kila kitu kilichoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Godoro, tranka, ndoo, fagio, kwanja, rimu ya karatasi. Fomu ile imeeleza mpaka rangi ya soksi na sketi iishie wapi. Haikuona haja ya kusema kwamba somo la kwanza katika hiyo PCB halina mwalimu.

Wiki chache tu mtoto anaazima simu ya matroni: "Mjomba, Fizikia hajaingia mtu tangu tufungue." Nikajua labda mwalimu yuko semina, au anauguliwa. Nikapanda basi nikaenda.

Ratiba imebandikwa ukutani nje ya ofisi. Kila kipindi kina herufi za jina la mwalimu chini yake. Kemia herufi zipo. Baiolojia zipo. Kwenye Fizikia, kila kipindi, kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, chini yake pamewekwa kistari. Hawakujisumbua hata kuficha! Vipindi vya kistari wanaambiwa wajisomee. Anayewasaidia ni dada mmoja wa kidato cha sita, anawasomea madesa yake ya mwaka jana kuhusu mwendo wa kitu kilichorushwa angani, na yeye mwenyewe ana mtihani wake wa taifa Mei. Fizikia ya kidato cha sita ina karatasi tatu, na ya tatu ni ya vitendo. Hiyo ya vitendo nayo atawafundisha huyo dada?

Mwalimu wa taaluma alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia. Kanivutia kiti, kanisikiliza, halafu kaniambia hivi: "Mzazi, nakushauri kama mzazi mwenzangu. Mhamishie CBG. Jiografia tuna walimu wawili na wanafaulisha. Wenzake wengi wameshahama."

Nikamwuliza, mwalimu, unajua CBG inamfungia nini huyu mtoto? Akaanza kupanga karatasi mezani.

Kwa wasiofuatilia haya mambo: CBG ni unaondoa Fizikia, unaweka Jiografia. Ni kombi nzuri, ina kilimo, ina mazingira, ina ualimu, siidharau hata kidogo. Lakini udaktari wa binadamu kwa vyuo vyetu unataka ufaulu kamili (principal pass) katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Mtoto apate A tatu za CBG, aongoze mkoa mzima, kwenye MD, digrii ya udaktari, hana sifa. Akiutaka udaktari ataambiwa aanzie diploma ya chuo cha afya kwa cheti chake cha kidato cha nne, na miaka yake miwili ya bweni iwe ilikuwa matembezi. Binti mwenyewe hakuna alichowahi kukisema tofauti tangu yuko darasa la tano. Udaktari. Sasa uamuzi wa maisha yake unafanywa kwenye ofisi ya taaluma kwa sababu ya kistari kwenye ratiba, na unaitwa "ushauri".

Na msidhani ni ushauri usio na maslahi. Mkuu wa shule anapimwa kwa divisheni. Wasichana thelathini wa PCB wasiofundishwa Fizikia watamletea F, na F zitaishusha shule, na ataitwa kwenye kikao ajieleze. Wakihamia CBG au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) shule inapanda, anapewa cheti, anapigiwa makofi. Wa kumlaumu hapo ni nani? Mkuu hajaajiri mwalimu, hana uwezo wa kuajiri mwalimu, lakini kapewa kombi. Ningekuwa mimi pengine ningefanya hivyo hivyo, na hilo ndilo linalonitia hasira zaidi, kwamba kila mtu kwenye huu mnyororo ana sababu yake ya kueleweka isipokuwa mtoto anayekaa anatazama ubao mtupu.

Huu ugonjwa hatujaanza nao leo. Shule za kata tulianza na kuta, walimu wakaja baadaye, kwingine hawajafika mpaka sasa. Enzi za Kikwete ikaja amri ya maabara tatu kila shule ya kata. Tulichangishwa, wengine walinyang'anywa kuku na baiskeli na watendaji. Nendeni leo mkaziangalie. Zipo zinazofanya kazi, sikatai. Zipo pia zinazotunzia mahindi ya shule na madawati mabovu. Hisabati ya kidato cha nne wanaofaulu ni kama robo tu ya watahiniwa, miaka nenda rudi. Kila ajira za walimu zikitangazwa tunasikia kipaumbele ni sayansi na hisabati. Kwa hiyo upungufu unajulikana! Sasa mtu anayejua hana walimu wa kombi 16 anaongezaje 49?

Kuhusu hizo mpya sina mengi. Muziki kwa kinanda kipi? Michezo kwa uwanja upi, ule wenye mbuzi? Mtoto mwenye kipaji cha kuchora naye ana haki ya kusoma sanaa mpaka kidato cha sita, wazo ni zuri kabisa, sina ugomvi nalo. Na mkondo wa amali, ule wa ufundi, huko chini ni yale yale, ushonaji bila cherehani ni hadithi.

Najua yatakayokuja. Kuna atakayesema ada ya kidato cha tano na sita imefutwa tangu mwaka 2022, tushukuru. Nimeshukuru. Sasa hivi natafuta mtu wa twisheni ya Fizikia wa kumkaririsha likizo miezi minne ndani ya wiki chache, na hiyo hela haijafutwa. Atakuja na wa "mpeleke private". Mkuu, kama unatoa wewe, weka namba yako ya kupokelea ankara hapa chini. Na yule wa "kwani lazima wote wawe madaktari" apite kimya, leo siko vizuri.

Ninachotaka wala si kikubwa. Kabla mtoto wa kidato cha nne hajajaza selform, fomu ya machaguo, aone kwa kila shule: kombi zipi, kila somo lina walimu wangapi wanaoingia darasani, maabara ina maji na gesi au haina. Hizo takwimu zipo, wakuu wa shule wanazijaza kila mwaka walimu kwa masomo, zinapelekwa juu. Wekeni hadharani. Shule haina mwalimu wa Fizikia, basi mwaka huo isipangiwe PCB wala kombi nyingine yenye Fizikia, kama PCM na PGM. Itapungua? Ipungue. Nipeni kombi kumi na mbili zinazofundishwa, hizo 65 mkazitundike ofisini. Na mtoto akipangiwa kombi, halafu shule ikashindwa kumfundisha, uhamisho wake uwe juu yao. Sasa hivi ni mimi ninayezunguka na barua, huku wanataka mhuri wa shule anayotoka, kule wanataka kwanza uthibitisho wa nafasi shule anayokwenda, na kila mmoja anasema nianzie kwa mwenzake.

Wenye watoto kidato cha tano mwaka huu, wapigieni simu leo muwaulize ratiba yao ina vistari vingapi, kisha mje muandike hapa kombi na somo, majina ya shule msiweke kama mnaogopa.

Na mwenye kuijua shule ya serikali ya wasichana, bweni, mkoa wowote, ambayo mwalimu wa Fizikia wa kidato cha tano anaonekana kwa macho, naomba aje inbox. Rukwa, Tanga, Kagera, popote, tranka lipo tayari.